Tokyo ya Lusail, Ghorofa ya Kumi na Mbili

Huku Doha Ijumaa ndiyo Jumapili yetu. Tukitoka kanisani, watu wazima wanabaki kwenye maegesho kumaliza umbea, na sisi vijana watano, Wakenya wanne na Mganda mmoja, tulikuwa tukienda Lusail nyumbani kwa mvulana ambaye nitamwita Mwenyekiti, kwa kuwa ndivyo alivyojiita mwenyewe. Alikuwa na miaka kumi na saba, spika ya duara yenye ukubwa wa sufuria, na msimamo mkali kuhusu siti pop.

Kwa asiyejua, siti pop ni muziki wa Japani wa miaka ya themanini. Besi inaruka-ruka, kinanda cha umeme kinameremeta, kisha mtu anaimba kana kwamba anaendesha gari kando ya bahari na hana mahali anapowahi. Mimi naupenda sana. Kama nisingeupenda, ningekaa nyumbani.

Kikao kilikuwa na utaratibu wake. Kwanza mapazia yanafungwa. Nje kulikuwa na minara, barabara pana na bahari, yaani kila kitu kinachoimbwa kwenye nyimbo zile, lakini sisi tulifunga mapazia ili tuutamani mji vizuri. Halafu kila mtu anaweka wimbo wake, na Mwenyekiti anafumba macho. Ukimpendeza, anataja mtaa: "Hii ni Shibuya, saa moja jioni, mvua imetoka kunyesha." Usipompendeza, anasema "Ingine!" na wimbo wako unakatwa papo hapo, hata kama mwimbaji hajafungua mdomo.

Tangu Ramadhani iishe hadi joto lilipoanza kulainisha soli za viatu, hakuna wimbo wangu hata mmoja uliofika mwisho. Mimi si mtu wa kubishana. Mimi ni mtu wa kusema "sawa" halafu nikabishane kwenye daftari. Nilitaka jambo moja tu: wimbo niliouchagua mimi usikilizwe wote, mpaka ule ukimya wa mwisho.

Mtandao uliponiletea wimbo wa zamani wa Ukraine, wa enzi za kaseti, nilidhani nimeupata wimbo huo. Besi ile ile, kinanda kile kile, ila sauti ni ya mwanamke aliyechoka kidogo, kama anaimba huku akikunja nguo za watu wengine. Mama yangu ni nesi, na wodini kwao kuna nesi kutoka Ukraine. Siku alipokuja kwetu Al Wukair kula pilau, nilimchezea wimbo huo. Akaweka kijiko chini. Akasema redio ya jikoni kwao ilikuwa ikiupiga alipokuwa mdogo, na kwamba unahusu mwanamke aliyekosa basi na anakataa kumpigia mumewe simu aje amchukue.

"Kwa nini hampigii?" nikauliza.

"Kwa sababu shida si basi," akasema, akaomba kachumbari.

Ijumaa hiyo niliupeleka Lusail. Ulidumu sekunde kumi na moja.

"Manze, hii ni ya wapi?" Mwenyekiti akauliza.

"Ukraine." Kosa langu lilikuwa kujibu.

"Ah. Hii ni ya harusi. Siti pop ni Japani, kwingine ni kelele tu na kinanda. Ingine!"

"Siti pop ya Ukraine!" Mganda wetu akacheka. "Si ni kama kuniletea matoke ya Norway?"

Nikasema sawa.

Tulimvumilia Mwenyekiti kwa sababu alikuwa ameishi Tokyo. Hivyo ndivyo tulivyoamini, hadi mama yake alipoleta chapati siku hiyo hiyo na kumkuta akituelezea maisha ya huko.

"Kuishi gani? Tulibadilisha ndege," akasema. "Masaa tisa uwanjani, hata nje hatukutoka. Huyu alitapika tambi."

"Mum!"

"Kwani hukutapika?"

Mama yake alipotoka, Mwenyekiti alitueleza kwamba uwanja wa ndege nao ni sehemu ya mji.

Sasa nimlete baba yangu. Anaendesha gari la hoteli moja West Bay, na ukimya wangu nimeurithi kwake. Ujanani, Nairobi, alikuwa akibeba vyombo vya bendi ya hoteli. Siku moja wakirekodi wimbo, mpiga kinanda wa pili akaumwa, na baba akaambiwa asimame pale, abonyeze kitufe kimoja kila akikonyezwa. Kaseti aliitunza, na binamu yake akamhamishia kwenye simu. Huucheza garini mgeni akishashuka, na mtu yeyote akisogea anapunguza sauti. "Mimi ni ile ting," husema. Nimekua nikiusikia kama mtu anavyosikia friji. Lakini baada ya ule wa Ukraine kuitwa wa harusi, niliusikia upya tukielekea nyumbani, nikashtuka. Ilikuwa siti pop tupu.

Ijumaa iliyofuata, wimbo wa baba ukiwa kwenye simu yangu, niliiunganisha na spika bila kusema kitu. Kutosema kitu ndicho kipaji changu.

Utangulizi wake ni mrefu, maana kila mpigaji alitaka mama yake amsikie. Mwenyekiti akafumba macho. Kichwa kikaanza kutikisika.

"Mmeskia hiyo ting?" akanong'ona. "Hiyo ni Mjapani tu. Hiyo nidhamu! Sisi tungepiga mara mbili." Akavuta pumzi. "Na hii si Tokyo. Hii ni Yokohama. Kuna mvua, kuna dem amesimama kwenye taa za barabarani, amevaa koti jeupe..."

Hapo mwimbaji akaingia, kwa Kiswahili safi kabisa: lifti imekwama tena, mpenzi, niko huku chini na kilo mbili za viazi.

Mganda alianguka kutoka kwenye kochi. Wengine walilia kwa kicheko. Mwenyekiti akafumbua macho, mkono wake ukaenda kwenye simu yangu.

"Ingine!"

Nikaifunika simu kwa kiganja. "Wacha iishe."

Sauti yangu ilitoka nyembamba, lakini ilitoka.

"We dada, hii si siti pop."

"Umesema Yokohama."

"Nimesema inakaa kama ya Yokohama."

"Umesema koti jeupe!" Mganda akapiga kelele kutoka sakafuni.

Wakati huo baba alikuwa amekuja kunichukua, na mama yake Mwenyekiti akamvuta ndani anywe chai. Baba akatokea sebuleni na tai ya hoteli na soksi. Akasikia.

"Ala! Zima hiyo," akasema. "Ni aibu. Hata mazoezi hatukufanya."

"Anko, unaujua huu?" Mwenyekiti akauliza.

"Mimi ndiye hiyo ting."

Nilingoja Mwenyekiti afe kwa haya. Kumbe sikumjua. Aliinuka, akampa baba mikono yote miwili. "Anko, hiki ni kitu adimu! Si nimekuwa nikiwaambia hawa, siti pop iko kila mahali, ni mtu tu kuwa na masikio?" Akaurudisha wimbo mwanzo, akaongea juu yake mpaka mwisho. "Ulikuwa unawaza nini ukipiga hiyo ting?"

"Nisikosee," baba akasema.

"Mnaona? Falsafa!"

Kwa hiyo wimbo wangu ulifika mwisho, na hakuna aliyesikia chochote isipokuwa sauti ya Mwenyekiti.

Wiki iliyofuata alitutolea mhadhara kuhusu mtindo wa Nairobi. Baba alikuja saa nzima kabla ya muda wa kunichukua, na tai ameinyoosha. Nikainua mkono, nikaomba ule wa Ukraine. Binti wa Ting hanyimwi. Ukachezwa wote: mwanamke akakosa basi, akakataa kupiga simu, kinanda kikafifia, ukaja ule ukimya. Nilikuwa nao sekunde mbili hivi.

Mwenyekiti akafumbua macho, akatikisa kichwa kwa huruma.

"Wamejaribu," akasema. "Lakini unaskia wazi wameiga Nairobi."

Nilimtazama baba anisaidie. Alikuwa ameshika kikombe chake cha chai, anaitikia kwa kichwa, mtu mzima kabisa.