Bagel ya Neema, na dari tuliyoikodolea macho

Jamani, sikieni yaliyotupata.

Leo asubuhi tulikuwa kwenye video call, ndugu watatu: mimi Columbus, kaka Baraka Louisville, mdogo wetu Neema Buffalo, wote huku Marekani.

Ugomvi wetu ni uleule: mji gani una sandwichi tamu na bagel tamu, mikate ile ya duara yenye tundu katikati.

Baraka anang'ang'ania eti Hot Brown ya kwao, mkate wa bata mzinga uliomwagiwa mchuzi wa jibini, ni sandwichi. Inaliwa kwa uma! Neema naye anatamba na weck yao, ule mkate wa nyama wenye chumvi juu.

"Na bagel ndiyo hii, ona!" Akaitoa kwenye friza, akaishika kiganjani, akaanza kuikata kwa kisu.

"Neema, weka mezani," nikamwambia.

Hakuweka.

Tukasikia ukelele. Simu ikaanguka. Tukabaki tunaona dari tu.

"Neema! Neema!"

Baraka naye akaita.

Nikanyakua simu ya mume wangu, nikapiga 911, namba ya dharura. Akapokea mtu wa hapa hapa Columbus, si wa kwao Neema. Akauliza: Mdogo wako anakaa wapi?

Cheektowaga, nje kidogo ya Buffalo.

Mtaa gani? Nyumba namba ngapi?

Sijui. Baraka naye hajui. Neema kahama mwezi uliopita, na tangu ahame tumeongea mikate tu.

Dakika nne tunakodolea dari, mtu wa 911 hana pa kutuma gari.

Kisha uso wake ukatokea, mkononi taulo la jikoni lililolowa damu. Alijikata kiganja, akaona damu, akazimia. Sasa ameshashonwa, anaendelea vizuri.

Msiniulize bagel za wapi tamu.

Mdogo wako anakaa nyumba namba ngapi? Jibu bila kuchungulia simu.