Nyumba Moja ya Milango Tisa

Ninyi wenzangu mliobakiwa na meno mawili matatu mtanielewa nikisema kwamba utotoni mwetu Mjerumani hakuhesabu watu, alihesabu nyumba. Mtu aliweza kuzaliwa, kuoa na kufa hapa Songea bila boma kujua, lakini akisimika nguzo na kuweka nyasi juu, karani alikuwa mlangoni na daftari. Rupia tatu kwa nyumba. Asiyekuwa nazo alikwenda kufanya kazi barabarani, na kiboko nyuma yake. Na huyo karani, msinitupie mawe, alikuwa baba yangu.

Baba, Karani Shomari, alikuja na msafara kutoka Kilwa, kanzu nyeupe na mwavuli mweusi. Alipomwoa mama yangu, binti wa Kingoni, boma walimpa siku mbili za mapumziko. Alirudi kazini siku ya saba, akaeleza kwamba alikuwa hajamaliza kuoa. Ndivyo alivyoipenda familia. Jioni hakukaa na wanaume wenzake. Alikaa jikoni akimmenyea mama maboga, jambo ambalo wajomba zangu walikuja kulitazama kwa zamu. Sisi watoto alitufundisha herufi kwa kuzichora kwenye majivu, na aliyepatia alipewa kumbikumbi wa kukaanga. Mpaka leo nikisoma barua nasikia njaa.

Kilichomtesa ni heshima ya mkwe. Kwa wazee wetu mwanamume hakutazamana na mama mkwe wake, wala hakulitaja jina lake. Vijana wa leo wanakaa na wakwe zao kwenye kochi moja wakigombea redio, lakini baba, mtu wa pwani, aliishika mila ya ukweni kuliko wenyewe. Bibi akitokea, mwavuli unafunguka, iwe mvua iwe jua. Walizungumza kupitia kwangu hata wakiwa hatua mbili.

"Mwambie baba yako chumvi imekwisha."

"Mwambie bibi yako nimesikia."

Nisipokuwepo walimtumia mbuzi. Siku moja nilimkuta baba akimweleza mbuzi kwamba chumvi itafika Jumatatu, na bibi upande wa pili akimshukuru mbuzi.

Mama alikuwa na kaka saba, kila mmoja na nyumba yake, na bibi ya kwake, na sisi yetu. Nyumba tisa. Wajomba walikuwa na ng'ombe na kelele nyingi, lakini rupia hawakuwa nazo, kwa hiyo baba aliwalipia wote kwa mshahara wake. Hakuwadai. Aliwaandikia stakabadhi, akawapongeza kwa kulipa mapema.

"Mshahara wako unaishi kwa kaka zangu," mama alimwambia. "Sisi tunauona ukipita tu."

Baba akaisoma tena amri ya boma, neno kwa neno, kisha akawaita wajomba. Amri, aliwaambia, inasema nyumba ni kitu chenye paa lake. Haisemi paa liwe na urefu gani.

Kiangazi kile walibomoa na kujenga upya, ukuta kwa ukuta, na juu yake wakavuta paa moja la nyasi. Watu walitoka mpaka Namtumbo kuja kulitazama. Ndani tulicheza kujificha, na mtoto akijificha vizuri alipatikana keshoye, ameshiba, kwa mjomba wa sita. Ugali wa ulezi ukisongwa upande mmoja, harufu ilifika upande wa pili maharage yakiwa yameiva kuipokea. Mtu akikohoa, milango tisa ilimpa pole. Mateso yalikuwa ya baba peke yake, maana sasa mama mkwe alikuwa chini ya paa lake, naye akatembea na mwavuli wazi ndani ya nyumba.

Mzungu wa fedha tuliyemwita Bwana Miwani alikuja kukagua. Aliingia mlango wa kwanza, akapita moshi, kuku na wake za wajomba wanaotwanga, akatokea mlango wa mwisho na manyoya kichwani.

"Karani, hii ni nyumba ngapi?"

"Moja, bwana. Paa moja."

"Na milango tisa?"

"Familia yetu wanatoka sana."

Bwana Miwani alisoma amri, akalitazama paa, akasoma tena. Alikuwa mtu aliyeyaamini maandishi kuliko macho yake. Akaandika: nyumba moja. Tukalipa rupia tatu, na jioni ile wajomba walimbeba baba mabegani, mpaka bibi alipotoka nje na ikabidi wamshushe afungue mwavuli.

Kisha ikaja vita ya maji. Mnajua wenyewe. Dawa ilifika Ungoni, watu wakanywa, wakaambiwa risasi zitageuka maji. Mjomba Nyoni, kaka mkubwa wa mama, alikunywa vibuyu viwili kwa kuwa alikuwa mtu mnene. Akatumwa aianze vita kwa kumuua karani wa kodi na kuchoma nyumba yake. Alikuja asubuhi na mkuki na kijinga cha moto, wenzake ishirini nyuma yake. Alitokea mlango wa pili, kwake. Karani alikuwa mlango wa kwanza.

Bibi alikuwa uani akianika ulezi. "Unachoma nyumba ya nani?"

"Ya karani, mama."

"Sawa. Inaishia wapi?"

Mjomba alitazama juu. Alitembea na kijinga chake kutoka mlango wa kwanza hadi wa tisa, akarudi. Wenzake nao wakapima kwa hatua, wakabishana. Wakati huo baba akatoka, amejifunika kwa mwavuli, maana bibi alikuwa palepale.

"Shemeji, toka humo nikuue," mjomba alisema.

"Siwezi, shemeji. Mama yupo."

"Mama, ondoka basi."

"Siondoki. Ninaanika ulezi."

Mimi nikaanza kulia. Mjomba aliusimamisha mkuki muda mrefu. Machozi yalimtoka naye. Mwisho baba akanyoosha mkono chini ya mwavuli, ameshika daftari la kodi la Ungoni nzima. "Choma hili," alisema. "Nyumba zote zimo humu."

Wakalichoma. Wenzake wakaona haki imetendeka, wakanywa togwa, wakaenda zao. Mjomba Nyoni alimsalimu mama yake kwa kupiga goti, akawafuata. Alikufa karibu na boma, yeye na wadogo zake wanne. Risasi zilibaki risasi.

Kisha askari wa Mjerumani wakaja kuchoma vijiji. Hao hawakuuliza nyumba inaishia wapi. Waliwasha mlango wa tisa, na lile paa lililotuokoa na kodi likaupeleka moto mpaka wa kwanza, na ulezi wote wa familia ukaungua siku moja. Baba alikuwa amekwisha kutupeleka vilima vya Matogoro. Alitazama moshi, akasema, "Nilikosea hesabu." Ndiyo mara pekee niliyomsikia akisema hivyo.

Njaa ikaingia. Tulikula mizizi, tulikula ngozi. Baba alishuka kuomba kazi yake, na kwa kuwa aliyejua kuandika hakuwepo mwingine, walimchukua, wakakubali kutoa mahindi kidogo kwa mke na watoto wake. Wakampa karatasi awaandike. Akaandika wajane watano wa wajomba kuwa wake zake, na watoto wote kuwa wa kwake, thelathini na mmoja. Lakini bibi angemwandikaje? Jina lake hakuweza kulitaja, wala kuliandika. Akaandika: mtoto mchanga.

Bwana Miwani akaja kuhakiki. Tulisimama mstari mmoja, mifupa mitupu.

"Karani, dini yako si inaruhusu wake wanne?"

"Wanne ni wa dini, bwana. Waliobaki ni wa ajali."

Akafika kwa bibi, mvi kichwani, fimbo mkononi. Mwavuli ulikuwa umeungua, kwa hiyo baba alikuwa amevaa gunia kichwani.

"Huyu ndiye mtoto mchanga?"

"Njaa imemchosha, bwana," baba alisema ndani ya gunia.

Bibi, ambaye hakuwa mjinga, akanyonya kidole. Bwana Miwani alivua miwani, akaifuta, akamtazama bibi kwa muda. Akaandika: apewe maziwa. Mpaka leo sijui kama alidanganyika au aliona haya. Lakini nimesimama hapa kwa sababu bibi aliyagawa maziwa yale kwa vijiko, na sisi wadogo tukavuka.

Baba aliwalea wote. Wajane walioolewa tena aliwatolea mwenyewe ruhusa kama baba yao, waliobaki aliwajengea, kila nyumba na paa lake, akalipa kodi ya zote. Alikufa na kanzu mbili. Waliomzika walijaza njia, na nusu yao walidhani ni baba yao mzazi. Mama aliwaacha wadhani hivyo.

Sasa nina mjukuu karani wa benki. Amejenga Ruhuwiko, bati jeupe, vyumba vinne, geti, mbwa mkali kuliko mwenyewe. Ana mke na mtoto mmoja. Mwezi uliopita nilimpelekea binti wa dada yake, yatima, aishi kwake asome shule. Alinikaribisha vizuri, shikamoo bibi, soda baridi. Nilipomaliza maneno yangu alitazama huku na huku sebuleni.

"Bibi, nyumba yenyewe ndogo."

Sikubishana naye, ni mtoto mzuri na anafanya kazi. Nilimalizia soda, nikamshika binti mkono, tukarudi kwangu kwa miguu. Kitanda changu ni kimoja na yeye anapiga mateke usingizini. Asubuhi ananiamsha kuniuliza kama nimelala salama.