Ruta Yangu Inafika Bondeni, Wajukuu Hawapandi Tena

Admin, nifiche jina, ila umri uache, nimeutolea jasho. Nina miaka sabini na moja, mke wangu ametangulia, naishi peke yangu huku Kinole, Morogoro. Shule niliishia darasa la nne, kwa hiyo mkiona makosa mlaumuni mwalimu wangu, naye ni marehemu.

Mwanangu na mkewe wanakaa bondeni, chini yangu kabisa. Nikisimama uani naliona bati lao. Wana watoto wanne, na miaka yote walikuwa wananipandia Idi kwa Idi tu. Sisi Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama yake, babu wa upande wa baba ni mtu wa kusalimiwa na kuachwa. Nikameza.

Mwaka jana nikanunua ruta ya kuweka laini, ile ya bei ya chini kuliko zote dukani. Mtandao wake ulikuwa unaishia barazani. Basi wakaja. Kila jioni wote wanne, barazani kwangu. Neno la siri nilikuwa nalibadilisha kila asubuhi, na hupewi mpaka useme shikamoo ya kueleweka na kunichotea ndoo ya maji. Yule mkubwa, binti wa miaka kumi na saba, namwita mke wangu kwa utani wetu wa babu na mjukuu. Alikuwa anasonga ugali huku video zake zinashuka. Nilinenepa, Admin.

Siku moja akaniambia, "Mume wangu, mtandao wako unaishia mlangoni kama pumzi zako." Wakacheka, nikacheka nao, lakini iliniingia. Nikauza mdalasini wangu, nikashuka mjini. Muuzaji akaniuliza kuta ni za nini, nyumba imekaaje, nataka ifike wapi. Nikamwambia nataka bei ya mkulima na sauti ya muadhini. Akanipa ya antena nne, siyo ghali, akasema niiweke juu, mahali pasipo kizuizi. Nikaitundika kwenye dirisha linalotazama bondeni. Kwa mikono yangu hii.

Kesho yake hawakuja, wala keshokutwa. Nikachungulia chini, nikawaona wamekaa nyuma ya jiko lao, vichwa vimeinama. Ikawa kila asubuhi mke wangu ananipigia simu: shikamoo babu, neno la leo? Nami mjinga nampa.

Kisha homa ikanilaza siku tatu. Neno sikulibadilisha, basi hata simu haikulia. Siku ya nne nikajikokota mpaka kwao, nikamuuliza mke wangu mbona hata mmoja hakuja kuniangalia. Hakuinua kichwa.

"Tuliona mtandao upo, babu. Tukajua mzima."

Nishaurini. Msiniambie nikae nao niongee, ukurasa huu wanausoma, tena kwa mtandao wangu, wameshajijua. Nikiizima watapanda mbio, lakini wataiangalia ruta kabla hawajaniangalia mimi. Nikirudisha ile ya zamani, ndiyo nimekubali ile kejeli ya pumzi. Na nikiiacha, siku nitakayokufa taa yake ya kijani itaendelea kuwaka pale dirishani, nao watasema mzee yupo, mpaka bando liishe. Nifanyeje?