Neno la Siri Langoni kwa Babu

Babu alirudi kutoka vita vya Burma na kabuti moja, homa iliyokuja na kuondoka ilivyotaka, na mazoea ya kulinda lango. Lango lenyewe lilikuwa nguzo mbili na mti wa kukingama, kwenye boma letu ndani ya shamba la mzungu upande wa Soy, ambako tuliishi kama maskwota, vibarua waliopewa mahali pa kukaa tu. Cha kuibwa kilikuwa ng'ombe watano na mimi, na mimi singechukuliwa hata bure.

Kila asubuhi, tukiwa kwenye uji, Babu alitangaza neno la siri la siku hiyo. Leo "kiazi", kesho "koti la daktari". Ukienda mtoni ukalisahau, unakaa nje na maji yako mpaka Nyanya akuombee. Mimi nililisahau mara nyingi mno, nikaona heri nisitoke kabisa. Watu huniuliza kwa nini mtu aliyefika sekondari hajawahi kupita mji wa Burnt Forest. Nawaambia ni mambo ya usalama.

Basi wakaja wazee wanne kumposa shangazi yangu. Kijana wao alikuwa karani wa ghala la mahindi mjini Eldoret, na Shangazi alikuwa ameshasema: ni huyo au hakuna.

"Simama hapo," Babu akasema, fimbo begani kama bunduki. "Neno?"

"Tumekuja kuomba uhusiano, Mzee."

"Hilo silo. Rudini."

Sasa, kwetu familia yenye heshima haikubali posa siku ya kwanza. Wazee wakaenda zao wamefurahi sana. Wakarudi, wakafukuzwa, wakafurahi tena. Mpaka kijiji cha Ziwa watu walisifu jinsi tulivyoshika mila. Lakini safari ya nne mmoja wao alisikika akisema kuna msichana mwingine, mzuri tu, na kwao hakuna lango.

Shangazi akamfuata Babu pale pale penye zamu yake.

"Baba, si uwaambie tu hilo neno?"

"Nikiwaambia litakuwa la siri gani?"

"Basi wapishe. Umewafukuza mara nne, sura zao unazijua."

Babu alishusha fimbo begani. Kisha akasema, bila kumtazama, "Kule nilimpisha mtu kwa sababu nilijua sauti yake. Nyuma yake walikuwako wengine. Asubuhi tulichimba makaburi."

Shangazi akasogea, akasimama kando yake. Halafu akauliza, "Na anayetoka, naye anaulizwa neno?"

"Anayetoka haulizwi."

"Na viti?"

Babu alifikiria. "Viti ni viti."

Safari ya tano wazee walikuta viti vyao barabarani, na Nyanya amekaa kwenye kimoja. Posa ikazungumzwa hapo, nje, Babu akijibu kutoka ndani, kupitia juu ya ule mti wa lango. Mzee aliyenyanyuka kusisitiza jambo aliamriwa arudi nyuma hatua tatu. Trekta la mzungu lilipokuja, kila mtu alibeba kiti chake akakisogeza majanini, likapita, wakarudi pale pale walipoachia maneno. Jua lilipoanza kuinama walikuwa wamekubaliana.

Siku ya kumchukua bibi harusi, Babu aliuondoa ule mti kwa mkono wake mwenyewe, akasimama wima ndani ya kabuti, akampigia binti yake saluti. Shangazi akapita, sanduku kichwani, macho yamejaa. Mkubwa wa wale wazee, asijue afanye nini, naye akapiga saluti, ya mkono wa kushoto.

"Si huo," Babu akasema. "Badilisha. Kiwiko juu. Sasa nyinyi wengine pia."

Wakajipanga wote wanne. Shangazi alitua sanduku, akalikalia katikati ya barabara, akawangoja wakwe zake wafuzu.