Kitenge cha Maua

Jovita, mwanika dagaa wa soko la samaki la Katonga, alikuwa maarufu duniani na pale sokoni hakuna aliyejua. Walipokimbia vita Kongo, mwenye boti aliwashusha akina mama kwanza hapohapo Katonga, maji kiunoni, ili wapokee watoto. Akaona boti ya doria, akaogopa, akageuza na watoto wakiwa ndani. Mwanawe Jovita, Selestini, alikuwa na miaka minne.

Mwandishi wa habari akampiga picha palepale, mikono juu, mdomo wazi, kitenge cha mbeleko kikining'inia begani. Picha ikazunguka magazeti ya dunia. Boti haikuonekana pichani, basi watu wakasema mama anamshukuru Mungu kwa kufika salama. Kushukuru! Hebu niambie.

Sasa, miaka mingi baadaye, wakimbizi wa Burundi nao walipoanza kumiminika, akaja Walter, msanii kutoka Dar. Kazi yake ni kuziigiza picha za habari zilizovuma, anapanga watu wengine mahali palepale na kuwapiga upya kwa ajili ya maonyesho ya nchi za nje.

Jovita aliposikia, alitoa kitenge sandukuni. Selestini alikuwa halali bila kunyonya pindo lake. Sura ya mama angeweza kuisahau, lakini yale maua, hapana. Kikionekana huko, huenda mwanaume mmoja akasimama mbele ya picha na kujiuliza.

"Shikamoo, mama," Walter alisema.

"Marahaba. Huyo wa kwenye picha ni mimi."

Walter alimtazama sana, akaamini, machozi yakamlengalenga. Kijana ana adabu, siwezi kumsingizia. Lakini mwigizaji alishapatikana, Evaline, binti wa mtaa wa Katubuka, na kitenge kilishanunuliwa. Gazetini, picha bila rangi, maua yalionekana madoa tu, naye akanunua cha madoa.

"Haya si madoa, baba. Ni maua."

"Najua, mama. Lakini watu wanayajua madoa. Picha lazima ifanane." Akamwekea kiti kivulini. "Alikuwa anasema nini pale?"

"Alikuwa anamwita mwanawe. Selestini."

Evaline akaingia majini, akainua mikono na kuita, "Selestini!" Aliita vizuri, kwa uchungu, mpaka wauza samaki wakaacha kuuza.

Jovita, kitenge mapajani, aligeuka haraka kutazama ziwani, kichwa chake kikatokea mbele ya kamera. Walter akaomba waanze tena, maana kuna mama aliyeingia kwenye picha.