Nilipopwewa na Sauti

Harufu ya zafarani iliyovurugwa kwa marashi ya waridi hunirudisha Kibokoni, kwenye chumba cha juu cha nyumba yetu, nilipokuwa msichana mdogo. Mwalimu wa madrasa alikuwa ameandika aya kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, akaziosha kwa marashi, na mama akanishikia ninywe kombe hilo. Nilikunywa taratibu, koo likiniwasha kana kwamba limepakwa mchanga. Nilikuwa nimepwewa na sauti, na hapakuwa na aliyejua kwa nini.

Kabla ya hapo mimi ndiye niliyeanzisha kasida za wasichana madrasani. Nyumbani sauti ilikuwa na kazi nyingine. Nyanya, mamake baba, alikuwa mzito wa masikio, na mama hakubanduka kwenye cherehani, basi mimi ndiye niliyemwita Nyanya kwa kelele kutoka chini hadi orofani: chai tayari, adhana imelia, mgeni yuko mlangoni. Lakini nikivuka kizingiti tu, shangazi Rukia alinivuta mkono. "Teremsha sauti, mwanangu. Mtoto wa kike hasikiki hadi kwenye baraza za wanaume." Ndani nikapiga kelele, nje nikanong'ona.

Siku ya mazoezi ya maulidi sauti ilinikatika katikati ya ubeti, kisha ikatoka nzito, ya kukwaruza, kama ya mvulana anayebalehe. Wenzangu wakaangua kicheko. Nafasi yangu akapewa mwengine. Majirani wakasema nimepigwa jicho la husuda, wengine kwamba nina jini. Lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Shangazi akaamua ninyamaze. "Watamwita dume," alimwambia mama. "Na akae kimya hadi irudi." Wahenga walisema mficha maradhi kilio humuumbua, lakini kwetu aibu ilikuwa na nguvu kuliko wahenga. Nikapewa tangawizi na asali, nikapewa kombe, nikafungiwa ndani. Alasiri niliwasikia wenzangu wakiimba madrasani, nami nikitikisa midomo bila sauti.

Lililoniumiza zaidi ni Nyanya. Sikuweza tena kumwita, nami niliona haya anisikie nikikwaruza. Nilimpelekea chai, nikaiweka kando yake, nikaondoka mbio. Hakuna aliyekumbuka kumweleza. Siku zikapita, akawa anakaa ameupa mlango mgongo, na chai nikiikuta imepoa pale pale nilipoiacha.

Hatimaye baba alichoka na uvumi. "Huyu ana koo, hana jini," alisema, akatupeleka mimi na mama kwa daktari mtaani Makadara. Daktari, mwanamke mmoja wa bara mwenye upole, alinichungulia kooni kwa kioo kidogo. "Ana vinundu kwenye nyuzi za sauti. Amepiga kelele sana."

Mama akashangaa. "Huyu? Mbona barabarani hata hasikiki!"

"Kunong'ona nako kunamchosha. Apumzike kwanza, kisha aseme kwa sauti yake ya kawaida, karibu na anayesema naye."

Baada ya mapumziko yale nilipanda kwa Nyanya, nikaketi kitandani pake, nikaweka mdomo sikioni mwake. "Nyanya, nilikuwa naumwa koo."

Akanishika kidevu, akanitazama. "Koo? Mimi nalidhani umenichoka."

Tulilia sote wawili. Tangu siku hiyo sikumsemesha tena kutoka chini.

Sauti ilirudi, ila nzito kidogo, na kasida sikuanzisha tena. Nyanya alifariki kabla sijamaliza shule. Leo mambo ni mengine. Watoto hupelekwa kwa wataalamu wa sauti bila kufichwa, na wasichana wa mtaani husimama kwenye midahalo ya shule wakasikika hadi barabarani. Nafurahi kila niwasikiapo. Lakini nyumba za jirani zimegeuzwa za kulaza wageni, ndugu zangu wako Uarabuni, nami nimebaki peke yangu na vyumba vilivyofungwa. Juzi mtoto wa kaka yangu alinipigia simu kutoka Maskati, jua likiwa limeshapinduka. "Shangazi, mbona sauti imekukauka? Unaumwa?" Nikamwambia siumwi. Ni kwamba tangu nilipoamka, yeye ndiye mtu wa kwanza kunisemesha.