Bauma na Shamba Yetu ya Matope

Mpaka saa hii kichwa yangu inakataa. Bauma amekufa! Kikohozi ya mayi ya baridi imemumaliza, na mimi niko nabandika karatasi hii kwenye mulango ya kapela, hapa Mweso, ili vijana wote musome. Mwenye hajui kusoma aombe jirani. Ni mimi Tumaini. Mwandiko yangu munaijua, ni nzuri kuliko ya katekista.

Darasa ya tatu, mbele ya mimi na masomo kuchokana, monitere, mwalimu wetu, alitia mayi ya mutoni ndani ya chupa, akatikisa, akaiweka dirishani. Muchanga ikaanguka kwanza. Udongo laini ikafuata, pole pole. Sisi wengine tuliangalia nzi. Bauma aliangalia chupa mpaka kengele.

Njiani akaniuliza: "Mvua inavua mulima nguo. Inapeleka wapi?"

"Ziwani, mujinga wewe."

"Ziwani wapi? Mutoni mayi iko mbio, haiachi kitu. Ikifika ziwa inachoka, inatua muzigo pale pale kando. Udongo yetu, mavi ya ngombe, majivu ya mashamba, yote iko pale."

Na kweli! Pale mto inaingia ziwa, majani iko kijani kupita kiasi na samaki wanajaa kula. Kiangazi mayi ikirudi nyuma, inaacha udongo nyeusi kama masizi ya chungu. Tulipanda maharagi kidogo, kujaribu tu. Eeh! Ilistawi mpaka matete yenyewe ilisikia haya.

Njo tukajenga lupango, ukuta ya matete na miti ndani ya mayi, ili mayi ipunguze mbio na matope ibakie. Mimi mbele, kwa sababu mimi njo mwenye nguvu. Bauma nyuma, mayi kifuani, akiimba vibaya. Kiisha kila mvua tulirudi kuziba matundu.

Munajua mimi niko mutoto wa mwisho. Mashamba ya Papa kule mulimani iliishia kwa wakaka zangu. Kijana bila shamba, binti gani atamupikia? Bauma alijua hiyo. Alisema: "Nusu yako, nusu yangu."

Na munajua desturi: shamba inakuwa yako siku unamupelekea chefu wa udongo mutulo, ni kusema zawadi ya kasiksi, pombe ya ndizi, na kitu ya kula. Tulipatana kwenda pamoja, kiisha mavuno.

Asubuhi moja akanikuta na mutungi ya kasiksi. "Kaka, nisaidie kubeba. Naenda kuposa."

Nilibeba kupanda mulima yote! "Binti akikukataa," nikamuambia, "tutakunywa sisi." Akacheka. Wandugu, alicheka! Kwenye njia panda akasema: "Rudi sasa, wakwe hawapendi makelele yako." Nikarudi, nikapiga miluzi.

Kumbe.

Juzi ku kilio, chefu wa udongo akasimama: "Ile shamba ya ziwani, Bauma alitolea mutulo. Inabakia kwa baba yake."

"Na mimi, Mzee?"

"Wewe? Jina yako nani aliitaja?"

Mimi mwenyewe, na mabega yangu, nilibeba kasiksi ya kuninyanganya shamba.

Bauma, ungekuwa muzima ningekushika shati mbele ya watu wote. Ningekuuliza neno moja tu: ulichekea nini? Lakini umekimbilia mahali siwezi kukufuata. Hiyo nayo ni bwizi.

Jana mvua kubwa imenyesha, lupango ikafunguka katikati. Papa yako akaniita: "Tumaini, mwanangu, ingia uzibe. Wewe njo unajua."

"Papa," nikamujibu, "shamba haiko yangu."

Nikakaa juu ya jiwe. Nikaangalia udongo yetu ikipita, nyekundu, ikienda kule kwenye kina, mahali jembe ya muntu haitafika. Furaha sikuisikia, hata kidogo. Lakini mayi sikuingia.

Haya, sasa tuko sawa: wewe hauna shamba, mimi sina shamba. Lala, Bauma. Lala muzuri, muongo wangu.